Kovu la Pembe ya Ng'ombe

Uongo ule ulikuwa wangu. Naanza na hapo ili mtu asije akamtwisha mume wangu Thobias, ambaye maisha yake yote alikuwa na udhaifu mmoja tu, wa kushindwa kunikatalia jambo nikishakunja uso. Mimi naitwa Coletha, Mama Anisia, mzaliwa wa Ushirombo, na uso wangu hukunjika haraka.

Tulikuwa tunaishi Mwadui, kwenye nyumba za kampuni, na Thobias alikuwa fundi wa karakana ya mgodi. Mwaka 1972 alianza kuchoka. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikamwambia hivyo. Akipanda ngazi tatu tu za karakana anasimama kama mtu aliyesahau alichokifuata. Akawa halali bila kuegemea mito mitatu. Siku alipokohoa damu ndipo nilipoacha maneno yangu.

Daktari wa mgodi alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kama utotoni aliwahi kuvimba magoti akiwa na homa. Aliwahi. Kwao walisema amerogwa, wakamchanja chale magotini, na magoti yakapona. Kumbe ile homa ilikuwa imehama tu. Ilitoka magotini ikaingia moyoni, ikaushikanisha mlango mmoja wa moyo, na kadiri miaka ilivyokwenda ukabaki upenyo mdogo wa kupitisha kalamu. Wakampeleka Nairobi.

Huko walimpasua ubavu wa kushoto, daktari akaingiza kidole chake ndani ya moyo, moyo wenyewe ukiwa unapiga, akausukuma ule mlango mpaka ukaachia. Thobias alinieleza hivyo na sikumwamini hadi nilipoliona kovu. Lilianzia chini ya titi, likazunguka ubavu, likaishia mgongoni karibu na bega. Alirudi baada ya miezi miwili, amenenepa, anapanda ngazi huku anapiga mluzi, nami nikawasha mshumaa kanisani na kumshukuru Mungu kwa kila kidole alichokiumba.

Aliyefurahi kunizidi alikuwa Kamili. Kamili alikuwa Mzaramo, mtunza stoo pale karakana, na alikuwa mtani wetu. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za wapagazi waliobeba mizigo kwenda pwani. Sisi ni Wasumbwa, si Wanyamwezi, lakini Kamili hakutaka kusikia tofauti hiyo. "Wote mlibeba," alikuwa akisema. Mtani ana haki ya kukusema vibaya mbele za watu na wewe huruhusiwi kununa, na siku ukifa yeye ndiye wa kwanza kushika jembe. Alipomwona Thobias anashuka kwenye gari la kampuni, alimtazama juu mpaka chini akamwita marehemu, na jina likaganda. Kila jioni alipokuja kwetu alibisha, "Hodi, marehemu yupo?" Mimi nacheka, nampa kigoda na sahani ya ugali.

Sasa nieleze kwa nini niliitaka bima kuliko kitu kingine chochote duniani.

Selestine, kaka yake Thobias, alifariki Ushirombo mwaka 1969. Nilikuwepo. Udongo wa kaburi haujakauka, ndugu wakaja kugawana, wakiongozwa na Ignas, mkubwa wao wote. Ignas alikuwa mchimbaji wa dhahabu Geita, na mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alirudi nyumbani na taa ya kichwani na hasira, basi. Walichukua ng'ombe, baiskeli na cherehani. Siku ya tatu wakapanda juu ya nyumba wakavua mabati. Febronia, mjane wa watu, alibaki anatazama mawingu na watoto wake wanne na sufuria moja, na hiyo waliiacha kwa sababu ilikuwa imetoboka. Mwaka uliofuata Ignas akamrithi na Febronia mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Mali ya mwanamume ni ya ukoo wake, na mke ni mgeni aliyekaa sana.

Nilirudi Mwadui na picha ile kichwani. Baada ya Nairobi ikawa hainitoki. Mume wangu alikuwa na moyo uliotiwa kidole, na Ignas alikuwa mzima wa afya, anajua kupanda mapaa.

Mwaka 1974 wakala wa bima alikuja kuzungumza na wafanyakazi ukumbini. Aliitwa Ansgar, kijana wa Bukoba mwenye miwani na mkoba wa ngozi, na sisi wake zao tulisimama madirishani tukisikiliza. Alisema iko fedha inayolipwa kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi, na hata ukoo mzima ukija na marungu haupati senti. Sikusikia kingine. Walipotoka nilimfuata nikamwuliza, kama jambo la jirani, mtu mwenye ugonjwa wa moyo huwa inakuwaje. Akasema kwa kawaida hukataliwa, au huambiwa asubiri, au hulipishwa zaidi, inategemea. Nikamwambia aje nyumbani Jumamosi.

Alikuja. Akatandaza fomu mezani, akatueleza kwamba kwa bima ya kiasi kile hapakuhitajika kupimwa na daktari. Mwombaji anajibu maswali, na rafiki yake mmoja, asiye ndugu, anaandika taarifa ya siri kuhusu afya na tabia zake na kuifunga kwenye bahasha. "Ila semeni kweli," alituambia. "Mkificha jambo na mtu akafariki mapema, wanakuja kuchunguza mpaka kijijini. Wakigundua, hati yenu itafaa kufungia karanga."

Akasoma maswali. Kifua kikuu, hapana. Kifafa, hapana. Ukoma, hapana. "Umewahi kuugua moyo au kufanyiwa upasuaji wowote?"

Thobias akafungua mdomo.

"Hapana," nikajibu mimi.

Ansgar akainua macho. Ilikuwa joto na Thobias alikuwa amevaa singlendi, na ncha ya kovu ilikuwa inachungulia kwapani. "Na hilo je?"

"Pembe ya ng'ombe," nikasema. "Alikuwa mdogo, anachunga. Masista wa misheni ndio waliomshona, Mungu awabariki."

Ansgar akaandika. Kwa nini asiandike? Kwetu ukienda kila boma utamkuta mwanamume mwenye kovu la pembe, na akikuonyesha anaongeza urefu wa ile pembe. Hata kushangaa hakushangaa. Thobias alinitazama, nikakunja uso. Akachukua kalamu akatia sahihi, na jina lake, ambalo kwenye kitabu cha mshahara alikuwa akiliandika mara moja bila kuangalia, siku hiyo aliliandika herufi moja moja.

"Na rafiki yako?" Ansgar akauliza.

"Kamili," Thobias akajibu hapo hapo. "Nitampelekea bahasha mwenyewe."

Sikuwa na neno. Kamili alikuwa anakula kwangu. Mtu anayekula kwako, nilidhani, anajua la kusema na la kumeza.

Ulipita mwezi na nusu. Ansgar akarudi siku ya kazi, jioni, hana tabasamu, akatoa karatasi mfukoni. Alisema haikuwa desturi kutuonyesha, lakini makao makuu walikuwa wanadai maelezo na yeye hakujua aanzie wapi. Akasoma kwa sauti, kavu, kama anasoma orodha ya vipuri.

"Swali: afya ya mwombaji ikoje? Jibu: Anakula kama anajaza ghala. Isipokuwa huyu ni marehemu aliyekawia. Mzungu wa Nairobi alimtia kidole moyoni kutafuta akili, hakuikuta, akashona. Swali: ana tabia ya ulevi? Jibu: Pombe haigusi tangu atiwe kidole. Kabla ya hapo pombe ndiyo iliyokuwa inamgusa yeye. Swali: unaonaje, anafaa kukatiwa bima? Jibu: Anafaa. Alikwisha kujaribu kufa mara moja akashindwa. Kazi hiyo haiwezi."

Thobias alicheka mpaka akajishika ubavu. Mimi mwili wote ulikuwa wa moto.

"Ni utani," nikamwambia Ansgar. "Huyo ni mtani wetu. Mtani husema lolote. Waandikie hivyo."

"Makao makuu hawana watani, mama," Ansgar akajibu. "Wanataka kujua kama kuna Nairobi au hakuna Nairobi."

Thobias akaacha kucheka. Akamshika Ansgar mkono. "Niachie mimi," akasema, bila kusema alikuwa anamwambia nani. Wakatoka, wakasimama muda mrefu kando ya pikipiki ya Ansgar, wanaongea kwa sauti ya chini. Aliporudi ndani nilimwuliza imekuwaje. Akasema yatakwisha.

Mimi sikungoja yaishe. Kesho yake nilikwenda stoo, mbele ya mafundi waliokuwa wamepanga foleni ya kuchukua grisi, nikamwambia Kamili kwamba amekula chumvi yangu miaka mitano na malipo yake ni kuwatupa watoto wangu jalalani kwa ajili ya kuchekesha makarani. Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Alinisikiliza huku ameshika koleo la grisi. Nilitegemea anirushie neno, nilikuwa tayari nalo. Badala yake akamgeukia fundi wa kwanza, akampimia grisi. Mafundi wakatazama chini, maana kumkasirikia mtani ni kama kuvua nguo njiani, na aibu ni ya aliyevua.

Thobias alizisikia habari kabla sijafika nyumbani. "Umemnunia mtani," alisema, si kwa ukali. Wiki ile ile akaenda Mwanza siku mbili, akasema ni kazi, wamemtuma kuangalia mashine. Miezi mitatu baadaye hati ikaja ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Imepita, akaniambia. Niliigeuza geuza. Ilikuwa ya Kiingereza tupu, nami Kiingereza changu kinaishia kwenye makopo ya maziwa, ila jina langu nililiona. Lilikuwa limepigwa kwa taipu, Coletha, peke yake, halina Ignas pembeni. Nikaikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge.

Sikumwuliza aliwaambiaje. Nilijiambia kwamba amewaeleza utani ni nini, wakaelewa, na pembe ya ng'ombe ikasimama. Mwizi haulizi mlango ulifunguliwa na nani.

Lakini usingizi wangu haukuwa ule wa zamani. Nilikuwa nimeambiwa kwa kinywa cha Ansgar mwenyewe kwamba wanakuja mpaka kijijini. Thobias akikohoa, mimi nahesabu: akifa sasa ni mapema, akifa mwaka kesho ni mapema. Nilikuwa namwombea mume wangu maisha marefu kwa sababu mbili, na ile ya pili ilinitia aibu. Juu ya hayo mshahara wake ukawa unafika nyumbani umepungua. Nikamwuliza, akasema ni makato. Wenzake niliwauliza, makato yao hayakufika hapo. Nikaamini anamtumia Ignas, tukagombana, na siku nzima sikumpikia. Alikula ndizi za kununua, akaosha sahani ambayo hakuilia.

Kamili hakuja tena. Thobias alikuwa anamfuata kwake. Nilikuwa nawasikia wanacheka kutoka nyumba ya nne.

Thobias alianguka karakanani mwezi wa tatu mwaka 1977. Upande mmoja ulikufa ganzi, mdomo ukaenda kando. Daktari alisema damu iliganda moyoni ikapanda kichwani, na kwamba mioyo ya aina ile ina tabia hiyo hata ikishafunguliwa. Aliishi siku mbili. Siku ya pili aliweza kunibana mkono kwa mkono wake mzima, akajaribu kusema neno, likatoka halina umbo. Nilimwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia. Nilimpenda yule mwanamume, na jambo la mwisho nililompa lilikuwa uongo mwingine.

Kampuni ilitoa lori. Mimi na Anisia, binti yetu mkubwa, tulikaa mbele na dereva, wadogo zake wamelala magotini petu. Kutoka Shinyanga mpaka Tinde, Tinde mpaka Kahama, Kahama mpaka Ushirombo, na nyuma, kando ya jeneza, alikaa Kamili, vumbi lote la njia ile likiwa kichwani mwake. Mazishi yalikuwa ya Kikatoliki na padri alikuja. Padri alipomaliza, Kamili akatokea amevaa ovaroli ya Thobias, anatembea kwa mwendo wa Thobias, bega la kushoto limeshuka kidogo kama la Thobias lilivyoshuka tangu Nairobi. Akalala ukingoni mwa kaburi akasema hafukiwi mtu hapa mpaka wapagazi wamlipe nauli ya lori. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, wakacheka huku wanalia, wakamtupia sarafu. Kisha akainuka, akachukua jembe, akafukia kuliko kijana yeyote. Mimi nilitazama chini muda wote. Sikumsalimu. Jioni akaondoka na lori.

Siku ya tatu baada ya kuondoa matanga, Ignas alikuja na kigoda chake.

"Shemeji," akaanza, "nasikia kuna karatasi ya bima."

"Ipo."

"Na jina ni lako peke yako."

"Ndiyo, baba."

Akachokonoa meno. "Febronia ananiambia ile bima ilipatikana kwa pembe ya ng'ombe."

Ilikuwa kweli. Mwaka mmoja nyuma nilikuja likizo nikamsimulia Febronia ujanja wangu, kwa kujigamba, ili ajue kwamba mimi sitaachwa na sufuria iliyotoboka. Nilisahau kwamba Febronia sasa analala nyumbani kwa Ignas, na kwamba mke aliyerithiwa akiulizwa hujibu.

"Tugawane nusu kwa nusu," Ignas akasema, "na mimi nitasema pembe. Ukikataa, bwana wa bima akija nitasema moyo, na kijiji chote kinajua ni moyo. Hapo hutapata wewe wala mimi. Mimi nimezoea kukosa."

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri siku tisa. Nilichemsha viazi nikaviunguza. Niliwatazama watoto wangu watatu, nikaona nusu ni bora kuliko sifuri, na hiyo ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikaamua nitakubali. Nilimwambia Anisia kwamba tutakubali.

Bwana wa bima alikuja asubuhi kwa Landrova. Hakuwa Ansgar. Alikuwa mtu mzima, ana suti ya Kaunda na jalada lililofungwa kwa kamba, na macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa na wajane wa mikoa yote. Alikaa uani pamoja na balozi wa nyumba kumi na wazee watatu. Ignas alikaa mkabala nami. Febronia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, haangalii mtu.

"Pole sana, mama," yule bwana akasema. "Kifo hiki kimetokea kabla bima haijatimiza miaka mitatu, ndiyo maana nimekuja. Swali langu ni moja. Marehemu, kabla ya kukata bima, aliwahi kuugua nini?"

Ignas akakohoa kidogo. Akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu ambaye ameshapanda juu ya paa na anasubiri kupewa nyundo.

Hapo hasira ikanipanda. Wala si wema ulionifanya niseme, mtu asije akanisifu. Nilikasirika tu. Nikaona kwamba nikisema pembe, nitakuwa nimenunua mdomo wa Ignas kwa maisha yangu yote, na atarudi mwaka kesho kudai mbuzi na mwaka ule mwingine kudai Anisia aolewe na anayemtaka yeye. Kama ni kukosa, nikose kwa mdomo wangu.

"Aliugua moyo," nikasema. "Alipasuliwa Nairobi mwaka 1972. Fomu ilisema kovu ni la pembe ya ng'ombe. Hilo nililisema mimi. Yeye alitaka kusema kweli nikamzuia. Andika hivyo, na uandike kwamba niliyedanganya ni mimi, Coletha, ili mtu asimchafue marehemu wangu."

Wazee wakaguna. Ignas alifumba macho, nadhani aliona nusu yake inatembea kuelekea porini. Yule bwana hakuandika. Alifungua kamba ya jalada polepole, akapekua, akatoa karatasi moja baada ya nyingine akazipanga juu ya goti.

"Mama," akasema, "haya tunayo."

Ilikuwepo barua ya daktari wa Nairobi. Yalikuwepo majibu ya picha ya kifua na kipimo cha moyo kutoka hospitali ya Mwanza, yenye tarehe za zile siku mbili alizosema anaangalia mashine. Na ilikuwepo karatasi iliyochanwa kwenye daftari, yenye mwandiko nilioufahamu. Ilikuwa ya Kiswahili, akaisoma kwa sauti. Thobias alikuwa ameandika: Naomba kufuta jibu langu la swali la saba. Nilipasuliwa moyo. Kovu si la ng'ombe. Kosa ni langu peke yangu, mke wangu hakujua maswali yalikuwa yanataka nini.

"Alipimwa upya akakubaliwa," yule bwana akaendelea, "ila kwa malipo ya juu kuliko wengine. Yalikuwa yanakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi. Hukujua?"

Nikaikumbuka ile siku nzima niliyomnyima chakula.

"Kwa hiyo?" Ignas akauliza.

"Kwa hiyo analipwa aliyeandikwa."

Ignas akachukua kigoda chake, akaondoka. Mwezi huo huo Febronia alikuja kuniomba radhi, nikamwambia ya kwake yaliisha siku aliyoachwa na mawingu.

Nilirudi Mwadui kukabidhi nyumba ya kampuni. Kabla ya kufunga mizigo nilichukua kuku, kwa sababu ukimnunia mtani kuna faini, nikatembea mpaka nyumba ya nne. Kamili alikuwa kibarazani anashona kiatu. Alimtazama kuku kwanza.

"Mke wa marehemu," akasema. "Karibu."

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikasema robo yake. Nikamwambia kwamba kama asingeandika upuuzi ule, fomu yangu ingepita, na leo ningekuwa sina kitu. Utani wake ulituokoa bila yeye kujua, nami nilimtukana mbele za watu.

Kamili aliweka kiatu chini. "Bila mimi kujua?" akasema. Akafikiri kidogo, kama anayepima jambo kama limeshafika umri wa kusemwa. "Thobias alikuja na ile bahasha jioni ile ile. Akakaa hapo ulipo. Akaniambia, mke wangu simwezi, na uongo siuwezi. Wewe ni mtani, andika ya Nairobi kwa namna yako, hakuna anayeweza kukukasirikia."

"Alikosea," nikasema.

"Alikosea."

Kuku alikuwa anahangaika mkononi mwangu. Niliuliza kwa nini hakuniambia, hata siku ile stoo, hata mara moja katika miaka miwili na ushee niliyompita njiani kama mti.

"Ungemkasirikia yeye," Kamili akajibu. "Yeye moyo wake ulikuwa wa kushonwa. Wangu ni mzima."

Nikaketi kwenye kizingiti chake. Kule Ushirombo nililia kama mjane anavyotakiwa kulia, watu wanatazama. Hapa nililia kwa sababu nilikuwa na huzuni. Kamili alinipokea kuku asije akakimbia, akamfunga miguu, kisha akaendelea kushona kiatu mpaka nilipomaliza.